Mgonjwa Asiyerudi

Hotuba kwa madaktari, matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, mkoani Tanga

Ndugu Mwenyekiti, waganga wafawidhi, matabibu, wauguzi na watumishi wenzangu wote wa ngazi ya msingi, habari za asubuhi. Mliotoka Lushoto na Kilindi najua mmeamka usiku kuwahi gari. Ahsanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie mambo mawili: uchunguzi wa saratani, na huduma kwa wenye magonjwa sugu, hasa presha na kisukari. Ratiba imeyatenganisha, kila moja na muda wake. Naomba radhi kwa walioipanga, nitayasema kwa pamoja, kwa sababu yanakwama mahali pamoja. Vipimo vya msingi tunavyo au vinapatikana jirani. Dawa za kuanzia mara nyingi zipo. Mwongozo uko kwenye droo. Anayekosekana ni mtu: yule mama aliyepimwa akaambiwa arudi baada ya wiki mbili na hakurudi, yule mzee aliyeanzishiwa vidonge vya presha mwezi wa tatu, na kufika mwezi wa sita hakuna kituoni anayejua alipo. Vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, tunavijaza na taarifa ya mwezi tunaipeleka wilayani. Taarifa ile inasema wangapi walikuja. Nani hakurudi, haisemi, na hakuna anayetuuliza.

Nianze na saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa hiyo iko mikononi mwetu kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa makadirio ya wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka, na wanawake zaidi ya 6,000 hufariki. Na hii ni saratani inayotupa muda mrefu wa kuizuia. Kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani hii, kikishaingia na kung'ang'ania, kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida hupita miaka 15 hadi 20 ndipo saratani yenyewe itokee. Mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila matibabu, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Naomba mkae na hesabu hiyo kidogo. Mama anayeletwa kwetu akiwa na miaka 48, anavuja damu, harufu imeanza, mguu umevimba, huyo alianza safari hiyo akiwa na miaka 30 na kitu. Katika miaka yote hiyo alikuwa wapi? Alikuwa kwenye benchi letu. Alikuja kliniki ya wajawazito, akaleta watoto chanjo, akachoma sindano ya uzazi wa mpango, akaleta mtoto mwenye homa usiku, akapimwa presha. Kadi zake zote tumeziandika sisi. Hakuna aliyemwambia: mama, ingia chumba hiki nikuangalie mlango wa kizazi, ni dakika chache.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo. Uchunguzi usisubiri siku ya kampeni yenye muziki na fulana. Kampeni ni nzuri, inaamsha watu, lakini inawaleta zaidi wale wanaokaa karibu na barabara na wenye ujasiri. Mwanamke wa miaka 30 hadi 49 akiingia kituoni kwa sababu yoyote, hata kama amemsindikiza mkwewe, aulizwe: umewahi kupimwa mlango wa kizazi, na ilikuwa lini? Kwa anayeishi na VVU swali hilo lianze akiwa na miaka 25, kwa sababu hatari kwake ni mara 6 ya mwanamke asiye na VVU. Nazungumza na wenzangu wa CTC, kliniki za wanaoishi na VVU, hapa: huyo mama mnaonana naye mara kadhaa kwa mwaka. Asipopimwa kwenu hatapimwa kwingine.

Sasa tumpime kwa kipimo gani? Wengi wetu tumezoea ile njia ya siki: unapaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, unasubiri dakika moja, unatazama weupe unaoashiria mabadiliko. Ni rahisi, na uzuri wake mkubwa ni kwamba jibu linapatikana mama akiwa bado kitandani. Mwenye weupe unaofaa kutibiwa anatibiwa palepale. Lakini njia hii inategemea jicho la mpimaji, na jicho huchoka. Tena haimfai mwanamke aliyekwisha koma hedhi, kwa sababu sehemu tunayotaka kuiona imekwisha kujivuta ndani. Bibi wa miaka 60 akipakwa siki akaambiwa "uko salama", tumemdanganya bila kukusudia.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unasukuma kipimo cha vinasaba vya HPV kiwe cha kwanza. Kinaona zaidi, na mwenye majibu mazuri anaweza kukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kurudia. Kwa anayeishi na VVU, miaka 3 hadi 5. Kitu ninachokipenda hasa ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa kijiti laini. Hapa pwani wote tunajua ni wangapi wamegeuzia mlangoni walipoona tabibu wa zamu ni mwanamume. Sisemi hilo kwa lawama. Haya ya mtu ni heshima yake, na huduma inayomlazimisha aivunje mwanamke ataikimbia tu. Kijiti hiki kinaondoa kikwazo hicho kwa wengi.

Ila kinaleta kingine, na hapa ndipo nataka tuwe macho. Sampuli inakwenda maabara na majibu yanakuja baadaye. Mama aliyechukua sampuli Jumatatu yuko shambani Ijumaa, na simu aliyoandikisha ni ya shemeji. Kipimo bora kisichomfikia mwenyewe ni kazi ya bure. Mashine za GeneXpert tunazotumia kwa kifua kikuu zinaweza kupima HPV kwa takriban saa 1, vifaa vyake vikiwepo. Penye uwezekano huo, mama asubiri, apewe chai, aondoke na jibu. Pasipo na uwezekano huo, basi kabla hajatoka tuandike namba mbili za simu, jina la kitongoji na jina la mhudumu wa afya wa jamii anayemjua. Na tumuulize: tukikupigia, nani anaweza kupokea, na tuseme nini akipokea mtu mwingine? Swali hilo la mwisho limewahi kuokoa ndoa, msilione dogo.

Kuhusu tiba ya kidonda ambacho bado hakijawa saratani, kifaa cha kutibu kwa joto kimerahisisha kazi. Kinatumia betri, hakihitaji mtungi wa gesi unaoisha katikati ya mwezi, na kila mguso ni chini ya dakika moja kwa takriban nyuzi 100. Masharti ni yaleyale: uone kidonda chote, kisiingie ndani ya mfereji, na kusiwe na shaka ya saratani. Ukiona nyama inayovuja damu ukiigusa, usichome. Huyo anahitaji kipande cha nyama kichukuliwe na kupimwa, na kuchoma juu yake ni kumficha mgonjwa asionekane na atakayempokea.

Chanjo ya HPV nitaipita haraka. Tulianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 tukahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Ni hatua kubwa. Lakini piga hesabu: msichana aliyechanjwa mwaka 2018 akiwa na miaka 14 atafikisha 30 mwaka 2034. Wanawake karibu wote walio kwenye umri wa kupimwa leo hawakuchanjwa. Wanatutegemea sisi na ile taa ya chumba cha uchunguzi.

Sasa niseme jambo ambalo linaniuma kuliko yote. Uchunguzi ni kwa mtu asiye na dalili. Mwenye dalili si wa uchunguzi, ni mgonjwa, na anatakiwa kutafutiwa jibu. Tunachanganya haya mawili na watu wanakufa katikati. Mwanamke anakuja, anasema anatoka damu baada ya tendo la ndoa. Anapewa dawa za maambukizi. Anarudi, anaongezewa antibiotiki nyingine. Mara ya tatu anaambiwa asubiri, mwezi ujao kuna zoezi la upimaji. Kote huko hakuna aliyeshika spekulamu, kile kifaa cha kuangalia ndani ya uke. Tuna methali tunayopenda kuwaambia wagonjwa, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha. Alikuja, akasema, tena mbele ya mtu asiyemjua, jambo ambalo hata dada yake hajui. Sisi ndio hatukuangalia.

Kwa hiyo jiwekeeni kanuni: mtu akirudi kwa tatizo lilelile na dawa ya kwanza haikusaidia, usimwandikie ya pili kabla hujamvua nguo na kumwangalia upya. Damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, ni rufaa. Mzee anayesema ugali haushuki, sasa anakunywa uji tu, hana "vidonda vya tumbo" hadi koo na umio wake viangaliwe. Ukanda huu wa Afrika Mashariki una saratani ya umio kwa wingi, tusisahau. Mkohozi ambaye vipimo vya kifua kikuu vimetoka safi zaidi ya mara moja na bado anakonda, muombee picha ya kifua na umpeleke mbele. Mtoto ambaye mama anasema jicho linang'aa weupe kwenye picha ya simu, mwangalie siku hiyohiyo. Mama huyo ameona kitu ambacho wewe huenda usikione mara mbili katika utumishi wako.

Na uvimbe wa titi. WHO, katika mpango wake wa saratani ya matiti wa mwaka 2021, inataka mwanamke apate jibu kamili la ugonjwa wake ndani ya siku 60 tangu afike kwa mtoa huduma. Kwetu siku hizo huliwa na mambo mawili, kumwambia "tuangalie kwanza mwezi ujao", na rufaa isiyofika. Mashine za kupiga picha matiti kwa wanawake wote hatuna, na sioni haja ya kuzililia leo wakati mwenye uvimbe unaoshikika bado anazungushwa. Tuanze na mikono yetu. Shika titi, shika kwapa, andika ukubwa, tuma rufaa.

Kuna upande wa pili ambao lazima niuseme, kwa kuwa sasa wagonjwa wetu wenye uwezo wanarudi kutoka mjini na bahasha za "vipimo vya mwili mzima". Korea Kusini walipoanza kupima tezi ya shingo kwa mashine ya mawimbi ya sauti kwa watu wasio na tatizo, saratani za tezi zilizogunduliwa mwaka 2011 zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993. Vifo havikupungua. Maelfu walikatwa tezi kwa uvimbe ambao usingewaua, na wanameza vidonge maisha yao yote. Tangu mwaka 1968, wataalamu Wilson na Jungner walipoandika misingi ya uchunguzi kwa niaba ya WHO, tumejua kwamba usipime kama huna cha kumfanyia utakayemkuta nacho. Mtu akikuomba kipimo cha alama za saratani kwenye damu kwa kuwa jirani yake kapimwa, kaa naye mzungumze. Mzee anayetaka kipimo cha PSA, kile cha damu cha tezi dume, aelezwe kinachoweza kufuata, kipande kuchukuliwa, upasuaji na madhara yake, halafu aamue. Mwenye shida ya mkojo au maumivu ya mifupa ni habari nyingine, huyo ni mgonjwa.

Nihamie kwenye presha na kisukari, ingawa mtaona sijahama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu, na asilimia 9 wana kisukari. Kidunia, WHO inasema katika kila watu 5 wenye presha ya juu, mmoja tu ndiye ambaye presha yake imedhibitiwa. Wanne waliobaki, wengine hawajui, wengine wanajua na hawatumii dawa, na wengine wanatumia na hakuna anayeangalia kama zinafanya kazi. Hawa wa mwisho ndio wanaonisikitisha, kwa sababu wameshatimiza sehemu yao.

Kwanza tupime vizuri. Mama amepanda bodaboda, amepanga foleni kwa kusimama, anaitwa, mkanda unafungwa juu ya gauni huku anajibu maswali. Namba utakayopata hapo ni ya bodaboda na foleni. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, asiongee. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Pima mara mbili.

Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi baada ya kurudia siku nyingine, anza dawa, na usiogope kuanza na mbili kwa dozi ndogo: amlodipini na losatani, au moja kati ya hizo na dawa ya kukojosha. Losatani usimpe anayeweza kushika mimba bila mazungumzo ya uzazi wa mpango. Kisha mwone kila mwezi hadi presha ishuke, ndipo umpe miezi 3 au 6. Tunachofanya mara nyingi ni kinyume: namba bado 160, tunaandika "endelea na dawa", tunampa tarehe ya mbali. Mgonjwa naye anaona hakuna kilichobadilika, anaacha.

Tena anaacha kwa sababu zake ambazo tunaweza kuzijua tukiuliza kwa adabu. Ukimuuliza "unatumia dawa?" atakujibu ndiyo, daktari. Muulize "mara ya mwisho kumeza ilikuwa lini, na zilizobaki ni ngapi?" Utasikia kwamba alijisikia vizuri akaona amepona. Utasikia kwamba aliambiwa dawa za presha ukizianza huziachi, kwa hiyo anazimeza kichwa kikiuma tu. Utasikia kwamba wanagawana na mumewe pakiti moja. Huyu wa mwisho ukimfokea, umempoteza. Mwandikishe na mumewe.

Kwa wenzangu wa pwani, kisukari na Ramadhani ni somo la kila mwaka na bado tunalichelewesha. Mgonjwa aitwe mwezi mmoja au miwili kabla. Anayetumia vidonge vya glibenklamidi au sindano za insulini, dozi yake na saa zake zibadilishwe, maana hao ndio sukari hushuka ghafla alasiri. Ajue kwamba sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita afungue papo hapo, na kwamba kutoboa kidole kupima hakufunguzi saumu. Masheikh wetu wengi wanalisema hilo wazi, waombeni walitangaze msikitini kabla ya mwezi kuandama. Mwenye figo mbovu au mjamzito anayechoma insulini aambiwe kwa upole na ukweli kwamba dini imempa ruhusa. Tusipozungumza naye sisi, atafunga kimyakimya na tutampokea usiku.

Na miguu. Kila mwenye kisukari avue viatu na soksi, angalau mara moja kwa mwaka, na kila ziara kama mguu umeshakufa ganzi. Gusa kwa uzi wa monofilamenti, ule mwembamba wa kupima ganzi, na kama huna, kwa ncha ya kidole chako. Angalia katikati ya vidole. Nimeona mguu uliokatwa juu ya goti ambao ulianza na kijiwe ndani ya kandambili.

Sasa tulijue hili: nchi hii tayari inajua kumtunza mtu mwenye ugonjwa usioisha. Tulijifunza kwa VVU. Mgonjwa wa CTC ana kadi yake, na faili lake linabaki kituoni. Ana tarehe, na siku tarehe ikipita mtu anaiona. Anapigiwa simu, na asipopatikana mhudumu wa jamii anakwenda nyumbani. Aliye imara anapewa dawa za miezi 3 hadi 6 asipoteze siku ya kazi. Chumba cha pili, kituo kilekile, mwenye kisukari anaandikwa kwenye daftari la wagonjwa wa nje kama mtu wa mafua, na akitoka hakuna alama yake. Naelewa VVU ulikuja na fedha za wafadhili. Lakini daftari lenye mistari halihitaji mfadhili.

Ninachowaomba ni daftari moja. Jina, umri, kitongoji, simu mbili, ugonjwa au kipimo, tarehe ya kurudi, na nafasi ya kuandika "amerudi". Ndani yake waingie wote: mama aliyekutwa na HPV, aliyetumwa rufaa hospitali ya mkoa ya Bombo au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa uvimbe, mwenye presha, mwenye kisukari. Ijumaa mchana, muuguzi mmoja apitie waliopitisha tarehe na awapigie. Kwa aliyepewa rufaa, simu ipigwe siku ya pili baada ya tarehe aliyopangiwa: ulifika? walikwambia nini? nauli ilikwamia wapi? Kutoka hapa hadi Ocean Road ni takriban kilomita 350, na bado anahitaji mahali pa kulala. Karatasi ya rufaa mkononi mwa mtu asiye na nauli haina kazi. Afadhali tujue Ijumaa hiyohiyo, ili ofisi ya ustawi wa jamii ihusishwe mapema, kuliko kujua baada ya miezi sita anaporudishwa na kidonda.

Mtaniuliza, na mna haki, vocha ya simu analipa nani. Muuguzi asilipe kutoka mfukoni, nalisema hilo mbele ya viongozi waliokaa hapa. Vituo sasa vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao na vinapanga mpango wa mwaka pamoja na kamati ya usimamizi. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Kabla hamjafunga mpango, andikeni mstari wa muda wa maongezi na mstari wa nauli ya mhudumu wa jamii, mpeleke kwenye kamati, na mkikataliwa niandikieni, nitakuja kukaa na kamati hiyo mwenyewe. Namba yangu iko kwa katibu wa mkutano. Karibuni kwa maswali, na naomba tuanze na wale wa zahanati ambazo zina mtumishi mmoja tu, kwa sababu najua kwao haya niliyosema ni magumu zaidi.